Kijana Asiye na Mwenyewe

Mbwana alifungua mdomo, na Kamati nzima ikaacha kutafuna.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji wangu, na najua kuna waliogombana na wake zao wakibahatisha jina. Basi tusipoteze muda. Kijana huyo, aliyekamatwa na gunia la marungu mgongoni, alitaja jina moja tu, tena kwa sauti ya chini.

"Shutu."

Mwanapili alikuwa akimmiminia kahawa Mzee Chome. Amepika mahamri ya vikao vyote vya Kamati ya Kuzuia Fujo za Vijana hapo Kinondo, na amekwisha kujizoeza kutoonyesha anachokisikia. Lakini Shutu ni mwanawe wa pekee. Kahawa ilijaa kikombe, ikafurika, ikamfikia Mzee Chome mapajani. Mzee Chome aliumia kimyakimya, maana macho yake, kama ya wote, yalikuwa kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti ni Mzee Chirau, kaka yake Mwanapili. Makamu wake ni Mzee Garama, mumewe Mwanapili. Kwa hiyo kiongozi wa genge ambaye Kamati ilikuwa ikimsaka tangu mfungo wa Ramadhani, kikao kwa kikao, sahani kwa sahani, alikuwa mpwa wa mwenyekiti na mwana wa makamu.

Uliyechelewa kununua gazeti, nikukumbushe genge lenyewe lilitoka wapi. Siku za kuelekea Uhuru, Desemba iliyopita, wazee hawa hawa walihofia kwamba watu wangefurahi kupita kiasi. Wakawakusanya vijana, wakawafunga vitambaa vya kijani mikononi, wakawapa marungu, wakawaita Jeshi la Utulivu. Mzee Chirau mwenyewe ndiye aliyewafundisha kuchapa miguu kwa gwaride, kwa kuwa aliwahi kuwa mpishi wa jeshi wakati wa vita vya Mjerumani. Bendera ikapanda, watu wakafurahi kwa kiasi, wazee wakaenda zao kulala.

Jeshi la Utulivu halikulala. Liliendelea kulinda utulivu, na kwa kuwa kulinda kuna njaa, likaanza kuchukua kuku, kisha mbuzi, kisha tembo la mnazi la wagema. Aliyelalamika alitulizwa. Msambweni nao walikuwa na lao, linaitwa Jeshi la Amani. Utulivu na Amani walipokutana kwenye ngoma ya harusi, kijana mmoja wa Msambweni alivunjwa mkono, na Shutu alirudi kwao akiwa na jeraha la panga kichwani akasema ameanguka mnazini. Mama yake alimwamini. Sasa, birika mkononi, alijiona mjinga.

Na siku hiyo, msomaji, ilikuwa siku ya Madaraka. Alasiri Msambweni wangekuja kwa lori kucheza mpira na Kinondo, na mji mzima ulijua wameapa kwamba kiongozi wa Jeshi la Utulivu hatatoka uwanjani kwa miguu yake.

"Aitwe," alisema Mzee Chirau, akitumaini hataonekana.

Shutu hakuwa na haja ya kutafutwa. Alikuja mwenyewe, kitambaa cha kijani mkononi, akasimama wima mbele ya baraza, akapiga saluti. Akawaamkia wazee wote shikamoo, mmoja mmoja, kama mama yake alivyomlea. Mzee Chome alimwuliza kwa nini yeye na wenzake hawaachi fujo.

Shutu alishangaa kweli. "Mlituambia tulinde utulivu mpaka mtakapotuambia vingine," alisema. "Tumengoja. Hamkutuambia."

Wazee walitazamana. Katika vikao vyao vyote walikuwa wameandaa hotuba, wamechagua mweka hazina, wamebishana juu ya rangi ya muhuri. Hakuna aliyekumbuka kuwaambia vijana watawanyike. Mzee Chirau alikohoa, akaamuru Shutu afungiwe kwenye ghala lake la mbata za nazi, linalopakana ukuta na baraza, mpaka Bwana D.O., afisa wa tarafa, afike. Mlango ukapigwa kufuli, ufunguo ukaingia mfukoni mwa mwenyekiti.

Hapo ndipo Mwanapili alipoikumbuka sheria ya Kamati.

Sheria hiyo ilipitishwa katika kikao cha kwanza kabisa, na Bwana D.O. akaipenda. Inasema hivi: kila kijana wa genge atakabidhiwa mwanamume atakayesema kijana ni wake, huyo ndiye mwenyewe, ashinde naye, ale naye, alale naye chumba kimoja, mpaka Kamati iridhike. Kijana atakayekosa mwenyewe atachukuliwa na serikali, apelekwe jela ya vijana huko bara. Mzee Chirau ndiye aliyeileta, akidhani kiongozi wa genge anatoka upande wa pili wa mji. Mzee Garama akaiunga mkono kwa sababu hiyo hiyo.

Mwanapili alijiambia, haidhuru. Shutu ana baba na ana mjomba, wote wakubwa wa Kamati. Akikabidhiwa mmoja wao sasa hivi, alasiri atakuwa amekaa chumbani, na Msambweni watamtafuta uwanjani wasimwone. Hakuomba zaidi ya hilo. Mmoja tu kati yao aseme neno moja.

Bwana D.O. aliwasili kabla ya adhuhuri, kijana wa bara aliyerithi kiti cha Mzungu pamoja na soksi zake ndefu. Jasho lilimtiririka, na alikuwa na haraka, maana alitakiwa kufungua mpira.

"Sasa, huyu kijana ni ya nani?" aliuliza.

Kimya.

Ni lazima nikwambie jambo moja, ndipo uonje utamu wa kimya kile. Mwaka juzi wazee hawa wawili walifikishana kwa kadhi kwa ajili ya Shutu huyu huyu. Wakati huo hakuna aliyekuwa akikwea minazi kwa kasi yake kutoka Galu mpaka Msambweni. Mzee Chirau alimtaka shambani kwake, akasema kwa mila ya Kidigo mtoto ni wa fuko la mama, yaani ukoo wa mama, mrithi wa mjomba, na baba ni mgeni tu nyumbani. Mzee Garama alimtaka shambani kwake, akasema sheria ya dini haimjui mjomba, mtoto ni wa baba aliyemzaa. Waliitana majina ambayo mhariri hataniruhusu niyaandike.

Kadhi alichoka, akawagawia wiki. Siku kadhaa kwa baba, siku kadhaa kwa mjomba. Ikawa baba akimkosa usiku, anadhani yuko kwa mjomba. Mjomba akimkosa, anadhani yuko kwa baba. Nafasi iliyobaki katikati ndiyo iliyotosha kuzaa jemadari.

Basi leo Mzee Garama ndiye aliyesimama kwanza. Alinyoosha kanzu, akamweleza Bwana D.O. kwa upole mwingi kwamba wao hapa ni Wadigo, wana mila zao, na kwa mila hizo mtoto ni wa fuko la mama. Baba ni mgeni tu nyumbani. Mwenye Shutu ni mjomba wake, yule pale.

Mwanapili hakuyaamini masikio yake. Ilikuwa hotuba ya kaka yake, neno kwa neno, mpaka ile sehemu ya kunyoosha kidole juu.

Mzee Chirau hakungoja akae. Alisimama akiwa karibu kutoa machozi ya dini, akasema yeye ni Mwislamu kabla hajawa Mdigo, na sheria haimjui mjomba. Mtoto ni wa baba aliyemzaa. Akamsihi shemeji yake amche Mungu. Nayo ilikuwa hotuba ya Garama, yote, pamoja na kile kikohozi cha katikati.

Bwana D.O. aligeuza shingo huku na huku. Aliuliza kama kuna mwanamume yeyote anayesema kijana ni wake. Mzee Garama alisema si wake. Mzee Chirau akasema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Nami si wangu."

Mwanapili aliweka birika chini. Hasira ilimpanda mpaka akaona baraza zima limekuwa jekundu. Miaka yote wamemvutania mtoto kama kamba ya ng'ombe, na leo kamba imeachwa pande zote mbili. "Bwana D.O., ni wangu mimi," alisema. "Nitalala naye hata mwaka."

Bwana D.O. alimtazama kwa huruma ya kweli, kisha akaitazama sheria. Sheria imesema mwanamume. Akasema inamsikitisha, lakini kijana atapanda gari lake baada ya mpira.

Sasa angalia mwanamke anayepika vikao. Hakulia. Alichukua sinia la mahamri, akaanza kulizungusha, na alipofika kwa mumewe aliinama kama anayemchagulia lililoiva vizuri. Alimnong'oneza kwamba mpishi wa ile hoteli mpya ya Diani amemwambia Wazungu wanatafuta kijana hodari wa kuwa mkubwa wa mabawabu, na wamelitaja jina la Shutu. Mshahara watampa mwenye kijana amwekee. Kisha akazunguka mpaka kwa kaka yake, akamchagulia naye hamri, akamnong'oneza hayo hayo.

Kwamba hoteli inatafuta mabawabu ilikuwa kweli. Mengine aliyatia mwenyewe, kama iliki, kwa kipimo anachokijua.

Mzee Garama alisimama akiwa bado anatafuna. Alisema amefikiri upya, na damu ni damu. Shutu ni wake.

Mzee Chirau alisimama pia. Alisema haiwezekani, fuko ni fuko. Shutu ni wake, na ushahidi uko kwa kadhi.

"Ni wangu."

"Wako tangu lini? Si umemkana sasa hivi mbele ya serikali?"

"Nawe je?"

Walikaribiana mpaka kofia zikagusana. Mzee Chome, ambaye mapaja yalikuwa yakimwunguza bado, alisogeza kiti aone vizuri. Mwanapili alimgeukia Bwana D.O., akamwuliza kwa adabu zake zote kama amesikia.

Bwana D.O. alikuwa amesikia. Alisema serikali inafurahi kuona kijana akipendwa namna hii, na kwa kuwa wenyewe ni wawili, sheria itawafuata wote wawili. Watashinda naye pamoja, watakula naye pamoja, watalala naye chumba kimoja, mpaka Kamati iridhike.

"Chumba kimoja na huyu?" aliuliza Mzee Garama, akionyesha shemeji yake, ambaye hajasalimiana naye tangu kesi ya kadhi.

"Na kijana katikati," alisema Bwana D.O.

Mwanapili aligeuza uso ukutani ili asionekane anacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa cha faraja zaidi kuliko cha dhihaka. Mwanawe amepata mwenyewe, tena wawili. Alasiri ikija itamkuta ndani. Alinyoosha mkono kwa kaka yake, akapewa ufunguo, akaenda kumfungulia Shutu na hamri moja alilomfichia kwenye leso.

Ghala lilikuwa na mbata, na harufu ya mbata, na hakuna mtu.

Kule nyuma mlango mdogo wa kutolea magunia ulikuwa wazi, ukipigwapigwa na upepo. Mzee Chirau aliyekuja nyuma yake alishika kichwa, akaapa kwamba hakujua kama mlango huo unafunguka. Angejuaje? Hajawahi kubeba gunia ghalani mwake. Aliyebeba alikuwa Shutu.

Gunia la marungu, ambalo Kamati ilikuwa imelihifadhi humo humo kwa usalama, halikuwepo pia.

Mwanapili alisimama kando ya ukuta. Ukuta wa udongo, mwembamba, na baraza liko upande wa pili. Alimsikia Mzee Chome akiuliza kama kuna kahawa iliyobaki, wazi kabisa, kama aliyekaa naye ghalani.

Hapo akaelewa. Mwanawe alikuwa amekaa hapa juu ya magunia akasikiliza. Alimsikia baba akisema si wake. Alimsikia mjomba akisema si wake, kwa ile sauti ya mpaka barabarani. Alimsikia na mama akisema ni wake, na sheria ikamkataa. Akaondoka. Yale ya baadaye, ya damu na fuko na kugusana kofia, yalisemewa ghala tupu.

Faraja yote ilimtoka, ikabaki hofu. Mahali ambapo kijana aliyekataliwa na baba na mjomba angeweza kwenda siku hiyo palikuwa mahali pamoja tu, uwanjani kwa wenzake, na huko walikuwa wakimwita jemadari.

Alirudi barazani akiwa amejifunga leso kiunoni. "Haya, wenyewe," aliwaambia. "Mnashinda naye, au hamshindi naye? Twendeni uwanjani."

Bwana D.O. alisema atawafuata kwa gari. Dereva wake alikuwa amekwenda kununua korosho. Basi wakaondoka watatu kwa miguu, katika tope la masika, Mzee Garama akiwa amekunja kanzu mpaka magotini, Mzee Chirau akilalamika juu ya viatu. Njiani kila mmoja alimweleza Mwanapili kwamba hatia ni ya mwingine. Aliwaacha waseme.

Walipofika, lori la Msambweni lilikuwa limeshaingia uwanjani, limesimama karibu na goli, turubai limefunikwa mpaka chini. Watazamaji walikuwa wamehama upande ule wote. Na mbele ya lori, katika mistari iliyonyooka kuliko ya askari wa serikali, lilisimama Jeshi la Utulivu, vitambaa vya kijani mikononi, marungu mabegani. Shutu alikuwa mbele. Mama yake aliiona alama ya panga kichwani mwake, waziwazi, na akamwona pia mtoto aliyekuwa akimwogesha.

Alimshika kaka yake mkono. "Wewe ndiye uliyewaambia waanze," alisema. "Waambie waache. Hakuna mwingine anayeweza."

Kwa kweli, msomaji, nimemsema sana Mzee Chirau katika hadithi hii, lakini hapo alijitahidi. Aliingia katikati ya uwanja peke yake, akachomeka kanzu katika mkanda, akasimama wima kama siku ile ya Desemba. Sauti yake ilitoka imara.

"Jeshi la Utulivu. Kazi imekwisha. Tawanyikeni, mrudi majumbani."

Mstari wa nyuma kijana mmoja alishusha rungu. Mwenzake naye akashusha. Walikuwa wameingoja amri hii tangu Uhuru, na baadhi yao, ukitazama nyuso, walikuwa wamechoka kuingoja. Mwanapili aliona hata la Shutu linashuka begani, polepole, mpaka usawa wa kiuno.

Kisha likasimama hapo.

"Shikamoo, Mzee," alisema Shutu. Hakusema mjomba. "Nataka kujua. Amri hii unaitoa kama nani wangu?"

Mzee Chirau aligeuka kumtazama Mzee Garama. Mzee Garama alikuwa akikung'uta tope kwenye kanzu. Neno lililotakiwa lilikuwa moja, na wote wawili walikuwa wamelipigania barazani muda mfupi uliopita mpaka mate yakaruka, kwa ajili ya hoteli. Sasa hakuna hoteli mbele yao. Kuna kijana tu, anangoja, na rungu lake liko usawa wa kiuno.

Mwanapili alifungua mdomo awasemee, akaona mwanawe anatikisa kichwa. Hakuwa amemwuliza mama. Ya mama alikuwa ameyasikia kupitia ukutani.

Nyuma yake Shutu, ubao wa lori la Msambweni ulianguka kwa kishindo, na mtu wa kwanza akaruka chini.